Tukihama, Paka Tumwache na Nani?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na kila kitambaacho juu yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeletwa awe rehema kwa walimwengu wote, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wasomaji, kuna masuali ambayo mtu huona haya kuyauliza kwa kuogopa kuchekwa. Mtu akiuliza khabari ya mirathi, au ya talaka, au ya zaka ya mali ya biashara, husikilizwa kwa makini. Lakini akiuliza khabari ya paka, waliopo barazani hutazamana, na mmoja wao husema, "Watu wana mambo mazito, huyu atuletea paka!" Nasi leo twataka kuandika khabari ya paka. Twamuomba msomaji asiufunge ukurasa huu mpaka afike mwisho, kwani huenda akaona kuwa suali hili si dogo kama lionekanavyo, na kwamba ndani yake mna jambo lenye kumhusu hata mtu asiyepata kufuga paka maishani mwake.

Alikuja kwetu mama mmoja wa hapa hapa Mji wa Kale, Mombasa, baina ya Magharibi na Isha. Mumewe yuko Leicester, Uingereza, mwaka wa sita huu, na baada ya kungoja sana, karatasi za mkewe na watoto wake wawili zimetoka. Safari ni mwezi ujao, ili watoto wawahi kuanza shule pamoja na wenzao. Binti yao ana miaka 9, naye ana paka wake wa kike. Walimuokota katika mtaro nyuma ya nyumba, macho hayajafumbuka vizuri, wakamlea kwa matone ya maziwa mpaka akasimama. Sasa paka huyo ana miaka minne. Wao hukaa ghorofa ya tatu, na tangu aingie ndani hajapata kulala nje hata usiku mmoja. Mtoto amesema kama paka haendi, na yeye haendi.

"Maalim," akasema yule mama, "baba yao ameniambia kwa simu nimtie paka kwenye gunia nikamwache soko la samaki. Asema atapata vichwa vya samaki, na riziki ni kwa Mungu. Roho yangu haikubali. Lakini nikiuliza gharama za kumchukua, roho yangu haikubali vile vile. Sasa Mungu anataka nifanye nini?"

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwambia, "Mwanangu, tupe siku tatu." Na haya ndiyo tuliyoyafikiri katika siku hizo tatu, na yaliyotokea baadaye.

HAKI YA MNYAMA

Jambo la kwanza la kujua ni kuwa mnyama katika dini yetu si chombo, kikichakaa kikatupwa. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul An'am, aya ya 38, kuwa wanyama watembeao ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu sisi. Umma una Mola wake, una riziki yake, na una haki zake.

Na paka ana makamo yake ya peke yake majumbani mwetu. Imepokewa katika vitabu vya Hadithi, cha Abu Daud na cha Tirmidhi miongoni mwavyo, kuwa sahaba Abu Qatada (R.A.) alitengewa maji ya kutawadha, akaja paka kutaka kunywa, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Mke wa mwanawe alipomtazama kwa kustaajabu, alimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka zunguka majumbani. Na sahaba mkubwa Abu Hurayra (R.A.) alilipata jina lake hilo kwa sababu ya kipaka kidogo alichokuwa akikichukua mchana anapochunga mbuzi na kondoo wa watu wake. Wako wenye kusimulia pia kuwa Bwana Mtume alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake. Kisa hicho ni kitamu, lakini hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa, wala hatuna haja nacho, kwani yaliyo sahihi yatosha.

Na katika yaliyo sahihi mna khabari ya kutisha. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa mwanamke mmoja aliingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfunga mpaka akafa, hakumpa chakula wala maji, wala hakumwacha akajitafutia wadudu wa ardhini. Sote twaijua Hadithi hii tangu chuoni. Lakini tuitazame vizuri, maana jawabu la suali letu limo ndani yake.

Mwanamke yule hakuadhibiwa kwa kumweka paka nyumbani. Angalimweka akamlisha, hapangalikuwa na neno. Wala hakuadhibiwa kwa kutomlisha peke yake, kwani angalimfungulia mlango akaenda kujitafutia, pia hapangalikuwa na neno. Kosa lake ni kuyakusanya mawili: alimziba paka njia ya riziki yake, kisha yeye mwenyewe akakataa kuwa njia. Basi kanuni tuipatayo ni hii: mwenye kumwondolea mnyama uwezo wa kujitafutia, huyo ameichukua dhamana ya riziki ya mnyama yule shingoni mwake, na haitoki mpaka aitimize au ampe mwengine atakayeitimiza.

Hivi ndivyo walivyofahamu wanavyuoni wetu. Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu tukitegemeacho sana sisi watu wa madhehebu ya Imam Shafi, ameeleza kuwa ni juu ya mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa: ama amlishe, ama amuuze kwa mtu mwengine, na kama ni mnyama wa kuliwa, aweza kumchinja. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa Damascus na Misri aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, amezihesabu haki za wanyama juu ya wanaadamu, na ya mwanzo aliyoitaja ni kulishwa, hata mnyama akizeeka au akaugua asiwe na manufaa tena kwa mwenyewe.

Yaangalie maneno hayo, ndugu yangu. Sharia imemlazimisha mtu kulisha au kumhamishia mwengine dhamana hiyo. Haikumlazimisha mtu kuwa na mnyama wake popote aendapo. Kwa hivyo yule mama hana dhambi ya kumwacha paka Mombasa kwa kuwa amemwacha tu. Dhambi itakuja kwa namna atakavyomwacha.

GUNIA NA SOKO LA SAMAKI

Sasa tuje kwenye shauri la baba. Hakulisema kwa ukatili. Ni jambo lililozoeleka katika miji yetu: paka akizidi nyumbani, hutiwa gunia akapelekwa sokoni au bandarini, na aliyempeleka hurudi akalala usingizi wake. Na hoja yake ni hoja ya dini, kuwa riziki ni kwa Mungu.

Ni kweli kabisa. Katika Surat Hud twafundishwa kuwa hakuna kiumbe ardhini ila riziki yake iko juu ya Mwenyezi Mungu. Lakini fundisho hilo latutuliza nyoyo zetu katika riziki zetu. Halikuja liwe hoja ya mtu aliyeishika riziki ya mwenzake mkononi kisha akaufumba mkono. Mwenyezi Mungu alimpa paka huyu riziki yake miaka minne kwa kupitia mkono wa mtoto mdogo. Mkono ule ndio uliokuwa njia. Mwenye kuukata asiseme kuwa njia ni nyingi mpaka aonyeshe angalau moja. Na mtu mmoja alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, aliambiwa kwanza amfunge, kisha ategemee.

Watasema wengine: mbona paka wamejaa sokoni, na wameshiba? Ni kweli, paka wa sokoni wapo, na wa Lamu kila mgeni awasimulia. Lakini paka wale wamezaliwa pale. Wajua saa ya mashua kurudi, wajua muuza samaki yupi ana huruma na yupi ana mawe, na wajua mipaka yao. Paka ni mnyama wa mahali. Kila dume na kila jike ana upande wake, na mgeni akitupwa katikati yao hupigwa akafukuzwa. Huyu wa ghorofa ya tatu hajapata kumwona mbwa, hajui gari ni kitu gani, hajapata kuua hata panya, na chakula akijuacho hutoka katika sahani. Mtu akimfunga ndege miaka mingi mpaka mbawa zikasahau kazi yake, kisha akamrusha dirishani, hawezi kusema kuwa amemwachia huru.

Basi tukaona wazi kuwa gunia ni ndugu wa kamba ya mwanamke yule. Yeye aliufunga mlango na paka yumo ndani, na huyu ataufunga na paka yuko nje. Katika yote mawili paka amekosa njia. Na wazee wetu hawakukosea waliposema kuwa paka wa nyumba haingwa, yaani aliyekwisha kuwa wa nyumba hafukuzwi.

Hapa yafaa tukumbushane jambo la kale. Edward Lane, Mwingereza aliyekaa Cairo katika miaka ya 1820 na 1830 akaandika mila za watu wa Misri, ameeleza kuwa Sultani Baybars, aliyefariki mwaka 1277, aliacha bustani iwe wakfu wa kulishia paka. Zama za Lane bustani ile ilikuwa imekwisha pita mikono mingi, lakini paka walikuwa bado wakilishwa kila alasiri katika uwanja wa mahakama, kwa gharama ya Kadhi. Na watu waliotaka kuachana na paka zao wakiwapeleka pale. Waislamu wale nao walikuwa na paka wasioweza kukaa nao. Tofauti yao na sisi ni kuwa wao waliwapeleka penye sahani iliyokwisha andaliwa, si penye gunia na bahati nasibu.

KUMCHUKUA

Njia ya pili ni kumchukua. Hili laonekana ndilo la huruma zaidi, na mtoto ndilo alitakalo. Tuliuliza kwa wanaojua, na haya ndiyo masharti ya kumwingiza paka Uingereza kutoka Kenya au Tanzania, ambazo hazimo katika orodha ya nchi zilizosamehewa. Kwanza paka hutiwa chini ya ngozi kidude chenye namba yake, ukubwa wa punje ya mchele. Kisha hudungwa sindano ya kinga ya kichaa cha mbwa, naye awe ametimiza angalau wiki 12. Zikipita siku 30, hutolewa damu ikapelekwa maabara yenye kibali, ionekane kuwa kinga imeingia kwa kiwango kisichopungua 0.5. Kisha, tangu siku ya kutolewa damu, hungojwa miezi 3 kamili. Zamani mambo yalikuwa mazito zaidi: mpaka mwisho wa mwaka 2011, paka wa nchi kama zetu alikuwa akifika Uingereza hufungiwa karantini miezi 6.

Maana yake, tangu sindano ya kwanza, ni miezi 4 kwa uchache. Na safari ya watu hawa ni mwezi ujao. Ikiwa paka atafuata nyuma kwa zaidi ya siku 5, hahesabiwi tena kuwa ni paka wa msafiri bali huwa kama bidhaa, na masharti huzidi. Wala hakai na wenyewe ndani ya ndege. Kwenda Uingereza huingizwa katika shehena, ndani ya kizimba, saa nane au tisa kutoka Nairobi, achilia mbali njia ya kutoka Mombasa. Na gharama zote zikijumlishwa, aghalabu hupita nauli ya abiria mmoja.

Tukajiuliza: je, hiyo ni israfu? Jirani mmoja alisema kwa ukali kuwa pesa hizo heri wangepewa mayatima. Twajua kuwa mara nyingi mwenye kusema hivyo hawapi mayatima pesa hizo wala nyengine. Lakini neno likisemwa na asiyelitenda haliwi uwongo kwa sababu hiyo, na yapasa lijibiwe.

Jawabu letu ni hili. Pesa ya kutimiza wajibu si israfu, hata ikiwa nyingi. Mtu asiyekuwa na njia yoyote ya kumtimizia mnyama wake haki isipokuwa kumchukua, naye ana uwezo, basi amchukue na asiwasikilize wenye kucheka, kwani dhamana ni deni, na deni hutangulia sadaka. Lakini ikiwa iko njia nyengine inayomtosheleza mnyama sawasawa, basi kinachobaki kununuliwa kwa fedha ile ni raha ya nyoyo zetu sisi. Raha hiyo si haramu kwa mwenye nacho. Ila kwa mtu ambaye atakopa ili ailipe, au atapunguza haki ya wale ambao nafaka yao ni wajibu juu yake, wakiwamo wazazi wake, hapo twasema asifanye. Na mke na mume waliotengana miaka 6 kwa sababu ya karatasi, hatuoni haki ya kuwaambia waongeze miezi kwa sababu ya paka, ikiwa paka aweza kutunzwa bila ya hayo.

Tena kuna jambo ambalo wenye mapenzi hulisahau: paka mwenyewe. Mtoto ukimtia katika ndege waweza kumwambia, "Vumilia, tutafika." Paka haambiliki. Kwake yeye ni giza na ngurumo, wala hajui kuwa vina mwisho. Hatusemi kuwa tabu hiyo ni dhulma, kwani tabu ya siku moja yaweza kuwa mlango wa raha ya miaka kumi, na paka aliyezoea kukaa ndani na watu wake huenda akaona Leicester ni sawa na Mombasa, maadamu sauti azijuazo zipo. Lakini paka wa vichochoro, aliyezoea mapaa na baraza na jua, ukamfungia katika chumba cha nchi ambayo mwezi wa Disemba jua huzama saa kumi jioni, huyo umemchukua kwa ajili yako. Kwa hivyo suali la kujiuliza ni: namchukua kwa haja yake, au kwa haja yangu? Wala si aibu jawabu likiwa ni "kwa haja yangu." Aibu ni kuliita kwa jina la huruma.

TULIYOYAKUTA NYUMBANI

Siku ya tatu tulikwenda kwao. Tulikuwa tumekwisha tayarisha maneno yetu: paka abaki, aachiwe mtu mwaminifu, apelekewe matumizi yake kila mwezi. Na mtu mwenyewe twamjua, kwani katika nyumba ile yumo bibi yao watoto, mamake mume, mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Yeye hasafiri. Karatasi zilizotoka ni za mke na watoto.

Tukakaa ukumbini, bibi naye yuko kwenye kitanda chake cha kamba karibu na dirisha, tasbihi mkononi. Tukalieleza shauri letu. Mama akafurahi. Akaanza kupanga: atanunua kauzu za kutosha, mpwa wao atakuja mara mbili kwa wiki, simu ya daktari wa wanyama itabandikwa ukutani, na chumba cha uani kitawekwa mchanga. Mazungumzo yakaenda karibu nusu saa. Bibi alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akasema, wala hakuinua sauti:

"Mwanangu, paka mmeshampangia atakula nini, atalala wapi, na akiugua nani atampeleka kwa daktari. Na mimi je, mmeshanipangia?"

Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Na twasema kweli, haya ilitushika sisi kuliko wenye nyumba. Wao wana haraka za safari. Sisi tulikaa siku tatu na vitabu, tukatafuta haki ya paka kwa mwenye kumfuga, na haikutupitia akilini kuuliza haki ya mama kwa mwanawe, naye tukimjua kuwa yumo ndani ya nyumba ile ile. Tumemtaja mara moja tu, kama mtu wa kuachiwa paka.

Isije ikafahamika kuwa bibi yule alikuwa atupwe. Mwanawe humletea pesa, na kila mtu alidhani kuwa mwengine amekwisha zungumza naye. Ndivyo yatokeavyo katika nyumba zetu nyingi siku hizi, Mombasa na Unguja na Lamu, ambazo watoto wao wako Uingereza na Ughaibuni kwengine. Mtu aliyezoeleka huonekana kama nguzo ya nyumba, na nguzo hakuna aiulizaye. Ni suali la paka ndilo lililofungua la mtu. Mtoto wa miaka 9 aliposema, "Na yeye nani atamtazama?" alikuwa amelisema lile ambalo wakubwa wote walipaswa kulisema, ila yeye alimnyooshea kidole paka.

Usiku ule alipigiwa simu mwanawe, na mama na mwana wakazungumza kwa faragha zaidi ya saa moja. Yaliyopangwa ni haya: mpwa wake pamoja na mumewe watahamia pale pale ghorofa ya tatu, kodi italipwa kutoka Leicester, na matumizi ya bibi yatatumwa mkononi mwake mwenyewe, si mkononi mwa mtu. Kisha ndipo tulipomuuliza kuhusu paka, na mara hii tulimuuliza kama mtu anayeombwa, aweza kukubali na aweza kukataa. Akacheka. "Mwacheni," alisema. "Paka wa nyumba haingwa. Na mimi nataka kitu cha kunizunguka zunguka humu ndani."

Alibaki mtoto. Jamaa mmoja alishauri aambiwe siku ya safari kuwa paka ametoroka, ili asisumbue. Tulilikataza hilo kwa nguvu. Imepokewa kwa Abu Daud kuwa mwanamke mmoja alimwita mwanawe akamwambia aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Aliposema ni tende, alimfahamisha kuwa lau asingalimpa chochote, angaliandikiwa uwongo. Ikiwa tende moja ina hisabu, je, paka wa miaka minne? Mtoto akaelezwa yote: masharti, miezi, kizimba, gharama, na bibi. Alilia sana. Hakuridhika, nasi hatukumlazimisha aridhike. Bwana Mtume mwenyewe (S.A.W.) alikuwa akimuuliza mtoto Abu Umayr khabari ya kijindege chake, na katika baadhi ya riwaya kijindege kile kilikuwa kimekufa na mtoto yu katika huzuni. Hakumwambia kuwa ni ndege tu. Basi nasi tusimwambie mtoto kuwa ni paka tu. Huzuni yake ni ya kweli, na ni dalili kuwa amana imeingia moyoni mwake mapema kuliko ilivyoingia mwetu.

KWA WENYE SUALI KAMA HILI

Si kila mwenye kuhama ana bibi nyumbani. Basi kwa faida ya wengine twayakusanya haya:

Kwanza, anza mapema. Anayetaka kumchukua paka wake ajue kuwa ni kazi ya miezi, si ya wiki. Na masharti hubadilika kwa nchi: ya Uingereza siyo ya Canada, na ya Canada siyo ya nchi za Ghuba. Uliza kabla ya kukata tiketi.

Pili, mtazame paka wako ni paka gani. Wa barazani, ajaye saa za kula kisha akaenda zake, huyo ana nyumba kumi katika mtaa. Zungumza na majirani wawili watatu waendelee kumtilia. Wa ndani, au mzee, au mgonjwa, huyo hana nyumba ila yako, na dhamana yake ni nzito.

Tatu, mtu utakayemwachia muombe, usimtwishe. Mpe nafasi ya kusema hapana. Na anayekubali kwa kukuonea haya hajakubali.

Nne, paka aweza kuishi miaka 15 na zaidi. Ukimwachia mtu mzima, mtaje na mtu wa pili atakayemchukua kukitokea jambo, na umuulize naye. Na utume gharama zake, usiache huruma ya mwenzio ikalipa deni lako.

Tano, aliye karibu kuhama asiokote mnyama mpya kwa ajili ya kuwafurahisha watoto miezi michache. Mlango usioweza kuusimamia usiufungue.

Na la sita, nalo ndilo tulilojifunza sisi katika nyumba ile: kabla hujauliza paka utamwacha na nani, pita chumba kwa chumba ndani ya nyumba yako, umtazame kila atakayebaki, umuulize yeye mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wa kutimiza amana, ndogo na kubwa, za wenye kusema na za wasioweza kusema. Awakutanishe waliotengana, awahifadhi wazee wetu tuliowaacha nyuma, na asitufanye kuwa sababu ya kiumbe chochote kukosa njia yake. Amin.